Vitabu Vilivyokuwa Kabatini: Hesabu ya Mwezi Mmoja wa Kusoma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa msikiti baada ya sala ya Alasiri, mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu)



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Tumeombwa na kamati tuzungumze juu ya faida za kusoma vitabu. Huenda wengi wenu mnatazamia tuwahimize vijana, kisha tuombe dua na kuondoka. Leo sivyo. Tumekuja kutoa hesabu ya mwezi mmoja wa kusoma, na mwishoni mwa hesabu hiyo mna deni ambalo ni lazima lisomwe hapa hapa, mbele yenu. Kwa hiyo twawaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Kama mjuavyo, katika mwezi uliopita wa Jumada ya Pili, ambao wazee wetu huuita Mfungo Tisa, paa la madrasa liliezuliwa ili mabati yaliyoliwa na kutu yabadilishwe. Masomo ya jioni yakasimama mwezi mzima. Kabla mafundi hawajapanda juu, tuliambiwa tuondoe kila kitu chumbani. Ndani ya kabati la chuma, nyuma ya juzuu na madaftari ya mahudhurio, tulikuta furushi lililofungwa kwa kamba. Tulipolifungua tukaona vitabu kumi na kimoja. Kila kimoja tulikuwa tumekitwaa sisi wenyewe kutoka mkononi mwa mwanafunzi, katika miaka mbalimbali. Sababu ilikuwa moja siku zote: hiki ni kitabu cha hadithi za kubuni, nacho kitampotezea mtoto wakati na kumharibia tabia.

Tuliketi mkekani tukajiuliza: katika vitabu hivi kumi na kimoja ambavyo tumevihukumu, tumesoma vingapi? Jibu likawa: hata kimoja. Basi tukaazimia kwamba, maadamu jioni zetu zilikuwa tupu, tutavisoma baada ya sala ya Isha. Mama wa nyumbani kwetu alituona tumeinama taani usiku wa kwanza, usiku wa pili, usiku wa tatu, akatuuliza kama tumejiandikisha kufanya mtihani. Tukamjibu kwamba yaelekea ndivyo.

Tulifaulu kusoma vitano kati ya vile, na kimoja tukakiazima kwa kijana mmoja wa jamaa zetu afanyaye kazi bandarini.

MZIMU NA MTU MWENYE KIKO

Tulianza na kilicho chembamba zaidi, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoandikwa na marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 1960. Tulikuwa tumekitwaa kwa sababu ya jina lake. Tuliona neno 'mzimu', tukasema huu ni ushirikina, mtoto asiuingize katika madrasa.

Ndugu zetu, mambo ni kinyume kabisa. Mtu mmoja anakutwa amekufa mahali panapoogopwa kuwa pana mizimu, na watu wako tayari kuiachia mizimu lawama. Anatokea Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, naye haridhiki na maneno ya watu. Anauliza, anatazama, anapima kauli ya huyu kwa kauli ya yule, mpaka inadhihirika kwamba mambo ya mauti yale ni ya wanadamu kama sisi. Ni mara ngapi sisi tumesimama katika mimbari hii tukiwakataza watu kwenda mizimuni? Mwandishi huyu alikuwa akitusaidia kazi yetu, na kijana aliyekuwa akimsoma tulimsimamisha ukutani kwa mguu mmoja. Tulicheka tuliposoma, kwa sababu kitabu kinachekesha. Kisha tukakumbuka yule kijana, kicheko kikatuishia.

MFUNGWA NA KAMUSI

Wiki ya pili tulisoma kile cha kuazima. Si riwaya bali ni maisha ya Malcolm X wa Marekani, aliyoyasimulia mwenyewe kwa mwandishi Alex Haley, yakachapishwa mwaka 1965, mwaka ule ule aliouawa. Tulikisoma kwa Kiingereza, kamusi ikiwa pembeni, na kwa kweli kamusi ilichakaa kuliko kitabu.

Wengi wenu mnajua habari zake za baadaye, hija yake ya mwaka 1964, na jinsi alivyostaajabu kuwaona watu wa kila rangi wamekaa pamoja kama ndugu. Sisi tulisimama zaidi katika mambo mawili ya mwanzo. La kwanza ni la shule. Alikuwa mtoto hodari darasani, akamwambia mwalimu wake kwamba angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu akamjibu kuwa kazi hiyo haimfai mtu mweusi, afikirie useremala. Mwalimu yule hakumpiga. Alisema neno moja tu, na Malcolm anaeleza kwamba tangu siku ile alianza kubadilika ndani yake. Shule ikamtoka moyoni.

La pili ni la gerezani, alikofungwa tangu mwaka 1946 hadi mwaka 1952. Alipoona kwamba hawezi kuandika barua iliyonyooka, aliomba kamusi, akaanza kuinakili kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa. Gereza alimokuwa wakati huo lilikuwa na maktaba kubwa. Taa zilipozimwa saa nne usiku, alisoma kwa mwanga mdogo uliopenya kutoka ukumbini, na kila alipousikia mlinzi akipita alijitupa kitandani akijifanya amelala. Tulipofika hapo tukafunga kitabu kwa muda. Huyu alisoma kwa kuuficha mwanga wake kwa mlinzi wa gereza. Watoto wetu wanasoma kwa kumficha nani? Wanatuficha sisi.

YUSUFU WA PWANI YETU

Wiki ya tatu tulisoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya fasihi. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 kikatolewa kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hiki tulikitwaa hivi karibuni tu, kwa kijana aliyekuwa akikisoma wakati wa darsa la fikihi. Kwa kosa hilo la wakati hatumwombi radhi. Kwa kukifungia kitabu chake kabatini, twamwomba.

Ni habari za mtoto wa miaka kumi na miwili aitwaye Yusufu, katika zama za kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Baba yake anadaiwa na tajiri mmoja wa pwani. Mtoto anaambiwa kwamba atasafiri na ami yake. Anapanda gari moshi kwa furaha, na anapofika ndipo anapoelezwa na kijana mwenzake kwamba yule si ami yake. Yeye Yusufu ni rehani ya deni la baba yake. Anatumika dukani, anafuata misafara ya bara, na nyumbani kwa tajiri mna bustani nzuri ambayo mtoto anaitamani.

Tulipoendelea kusoma tulianza kutambua njia tunayopita. Mtoto mzuri wa sura anatengwa na wazazi wake na kukaa katika nyumba ya mtu mkubwa. Bibi wa nyumba anamtaka. Anapokimbia, kanzu yake inachanika kwa nyuma. Ndugu zetu, ni nani miongoni mwetu asiyeijua kanzu iliyochanika kwa nyuma? Sura nzima ya Kurani Tukufu imewekwa kwa ajili ya kisa cha Nabii Yusufu, na Mwenyezi Mungu Mwenyewe amekiita kuwa ni kizuri cha visa. Hapo hoja yetu ya miaka yote, kwamba hadithi ni upuuzi, ilituponyoka. Haikatai kwamba kisa cha Nabii ni cha kweli na hiki ni cha kubuni, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini Mola wetu alipotaka kutufundisha subira, husuda ya ndugu na msamaha, hakutupa orodha ya amri peke yake. Alitusimulia.

Na Yusufu huyu wa riwaya hakupata ufalme wala hakuwasamehe ndugu zake. Mwisho wake unahuzunisha. Mwandishi anatuonyesha mtoto ambaye wakubwa wote waliomzunguka walikuwa na sababu nzuri za kumtendea walivyomtendea, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye anataka nini.

KITABU TULICHOKIOGOPA

Kilibaki kimoja ambacho tulikuwa tukikiruka kila usiku. Ni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Tulikiogopa kwa sababu tulikumbuka vizuri ni nani tuliyemnyang'anya. Ndani ya jalada mna muhuri wa shule ya sekondari na namba ya kitabu. Katikati ya kurasa mna karatasi ya peremende iliyokunjwa, mahali msomaji alipofika.

Riwaya hii inamhusu Bwana Maksuudi, mtu anayeheshimiwa nje na anayetafuta ukubwa, lakini nyumbani kwake anatawala kwa mkono wa chuma. Binti yake Maimuna amefungiwa ndani, hajui njia wala watu. Siku anapotoka, anatoka bila ya mwongozi, na mji unamfanyia kama mji unavyowafanyia wasio na mwongozi. Anaanguka katika maisha machafu, na mna kurasa ambazo zinaumiza kuzisoma. Hatusemi kwamba zisomwe na mtoto mdogo. Lakini kitabu hakiusifu uchafu ule. Kinamwuliza baba: wewe uliyesema unamlinda, ulimwandaa kwa lipi?

Tulikimaliza usiku wa manane. Hatukulala mpaka adhana ya Alfajiri.

DENI LENYEWE

Sasa, ndugu zetu, tunafika kwenye deni. Mwaka 2009 kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye bado alihudhuria madrasa yetu jioni. Tulikiona kitabu hiki katika mkoba wake. Tulisoma jina la jaladani, tukafungua ukurasa mmoja, tukakifunga. Siku ya pili, katika darsa baada ya Alasiri, pale pale tunaposimama sasa, tulisema kwamba wako mabinti wanaoingiza vitabu vya aibu katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Hatukutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Wiki ile ile binti akaacha kuja. Tukadhani ameona haya, na tukaona kwamba haya ni dalili njema. Hatukwenda kuuliza.

Mwezi uliopita, siku mbili baada ya kumaliza kitabu, tulikwenda kwake pamoja na mama wa nyumbani kwetu. Ana mume na watoto watatu, na anashona nguo kwa cherehani barazani. Alitupokea kwa heshima, akatuamkia, akatuletea maji. Tukamwonyesha kitabu. Alikitazama kwa muda bila ya kukigusa, kisha akauliza:

"Maalimu, sasa umekisoma?"

Tukamjibu kwamba tumekisoma chote.

"Mimi sikukimaliza," akasema.

Ndipo alipotueleza tusiyoyajua. Kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha shule, kimewekwa na serikali kisomwe kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Shule ilimdai akirudishe au akilipe. Baba yake alikuwa amekwisha kusikia maneno ya darsa kutoka kwa watu. "Nilimwambia baba kuwa ni kitabu cha mtihani," alisema. "Akaniuliza, je, wewe unajua kuliko Maalimu?" Muhula ule ule baba akamtoa shuleni. Mwaka uliofuata akaolewa. Mtihani hakuufanya. Baba yake amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alifariki akiamini kwamba alimtii mwalimu wa dini.

Ndugu zetu, tazameni tulichokifanya. Tulikitwaa kitabu kinachowaonya akina baba wasiwafungie mabinti zao, na kwa kukitwaa huko tukampa baba mmoja sababu ya kumfungia binti yake. Sote twalijua onyo la Kurani kwa mwenye kufuata jambo asilo na elimu nalo. Tumelisomesha onyo hilo kwa miaka mingi. Tulikuwa tukilisomesha mwaka ule pia.

Tulimwomba radhi. Akasema kwamba amesamehe, na kwamba alisamehe zamani kwa kuwa mtu hawezi kushona siku nzima huku amebeba kinyongo. Kisha akasema ana ombi moja: kwa vile maneno ya kwanza yalisemwa msikitini, na haya ya pili yasemwe msikitini, ila jina lake lisitajwe. Ndiyo sababu ya hotuba hii. Basi mbele yenu twasema: kitabu kile hakikuwa cha aibu, binti yule hakuwa na kosa, na kosa lilikuwa letu. Aliyeyasikia yale ya mwaka 2009 na akayapeleka kwa wengine, na ayapeleke na haya.

Tulipotaka kuondoka tulimwambia kwamba kitabu tutakirudisha shuleni, kwa kuwa ndio wenyewe. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe kwanza nimalize." Tukampa. Karatasi ya peremende ilikuwa bado mahali pake.

TUNALOKUSUDIA

Pengine mtu atasema: je, Maalimu sasa anahalalisha kila kitabu? La, hasha. Katika vile vitano vya kabatini, viwili vilikuwa vibaya kwelikweli. Vimejaa matusi na uchafu usio na maana yoyote ila kuuza karatasi. Tungevikataza tena leo. Lakini leo twaweza kumweleza kijana ni kwa nini, na ni ukurasa gani, naye akaweza kutujibu. Kumwambia mtu 'usisome' bila ya kusoma wewe mwenyewe ni kumfundisha kwamba dini haina jibu, ina fimbo tu.

Na wala tusidhani kwamba hadithi ni mambo ya kuletewa. Ibn Tufayl, tabibu na mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekua peke yake kisiwani, akautafuta ukweli wa Muumba wake kwa kutazama na kufikiri. Kisa hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1671, kikasomwa na wanachuoni wa Ulaya. Wazee wetu hawakuiogopa hadithi. Waliiandika.

Basi kwa idhini ya kamati, twaeleza yafuatayo:

Kwanza, hakuna mwalimu wa madrasa hii atakayetwaa kitabu cha mwanafunzi kabla ya kukisoma. Akikiona wakati wa somo, akiweke mezani, na somo likiisha akirudishe au azungumze na mzazi akiwa amekwisha kujua yaliyomo.

Pili, vile vitabu vingine twavirudisha kwa wenyewe. Hadi leo vitano vimerudi. Mwenye kukumbuka kwamba tulimtwalia kitabu, hata kama sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na aje.

Tatu, kabati lile la chuma litarudi chumbani chini ya paa jipya, ila litakuwa wazi. Mwenye kitabu kizuri, cha dini au cha elimu nyingine, cha Kiswahili au cha lugha nyingine, na akilete.

Nne, twawaomba akina baba: mkisikia neno la mwalimu juu ya mtoto wenu, msiliamini kwa sababu ni la mwalimu. Mwulizeni mtoto. Mwulizeni mwalimu. Someni.

Na kwa dada yetu yule, ambaye huenda yuko nyuma ya pazia na huenda hayuko, tulikwisha kumwambia, na sasa twalisema hadharani ili tusiweze kulirudisha nyuma: akitaka kufanya mtihani wake kama mtahiniwa wa kibinafsi, gharama zote ni juu yetu. Hajatujibu, wala hatuna haki ya kumharakisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua, atuzidishie elimu, na atupe ushujaa wa kurudi nyuma pale tulipokosea njia. Tunawaomba na nyinyi mtuombee. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.